Tandiko Lenye Mawaridi

Big Piney, Wyoming
4 Mei 1958

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mguu wako bado unauma kukiwa na baridi? Mimi ni mzima, nina furaha mpaka naogopa. Baba, Thayne ananichemshia kahawa kila asubuhi! Akikata kuni anapiga mluzi, nami nasimama dirishani kama mjinga, namtazama mume wangu.

Amenipa tandiko la farasi la marehemu mama yake, limechongwa mawaridi kote. Aliponikabidhi alilifuta vumbi kwa shati lake. Shida ni Juniper. Farasi mpole uliyemlea wewe mwenyewe, sasa akiliona tandiko analaza masikio, na jana alinirusha. Nimeongeza blanketi la pili chini yake, ndiyo kwanza akazidi. Thayne anasema Juniper hawezi kazi ya ng'ombe, bora tumuuze. Nifanyeje?

Mwanao, Verla

Ogallala, Nebraska
10 Mei

Mwanangu Verla,

Marahaba. Mguu upo, unalalamika kuliko mimi. Huyo mumeo wa kahawa ananiharibia jina. Mama yako hakupata kwangu hata maji ya moto.

Usimuuze farasi. Toa mablanketi, weka tandiko kwenye mgongo mtupu, lisogeze nyuma mpaka litulie lenyewe. Pitisha kiganja chini yake, kuanzia mabegani. Kikibanwa, hata yeye anabanwa. Tena ukimvua tandiko baada ya kazi, tazama jasho: palipobaki pakavu ndipo panapofinywa. Kuongeza blanketi ni kuvaa soksi mbili kwenye kiatu kidogo. Juniper ana mgongo mpana kama meza. Mwambie mumeo.

Baba yako

Big Piney
1 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Kiganja kilinasa kabisa! Na mgongoni palikuwa na mabaka mawili makavu. Lakini ningemwambiaje Thayne kwamba tandiko la mama yake linaumiza? Nikanyamaza, mpaka Jumatano akaja mnunuzi wa Juniper. Hapo nikalia, nikasema yote.

Thayne akachukua kofia, akatoka. Nikajua nimemvunja moyo. Nilipomfuata zizini nilimkuta amemvisha Deacon, farasi wake, lile tandiko, kiganja chake kinateleza chini yake bila shida.

"Mama alilitumia kwa mama yake huyu Deacon," akasema. "Mgongo wao ni mmoja, mwembamba. Na mimi miaka yote namjazia Deacon mablanketi, kwa sababu tandiko langu linampwaya!"

Tandiko lake tukamvisha Juniper. Tulipomvua, jasho lilikuwa limeenea sawasawa.

Jana tulichoma ndama alama. Juniper alitulia kama kondoo. Thayne alikuwa juu ya mawaridi, kiti kidogo, magoti juu kama panzi. Jirani yetu Clell akapaza sauti: "We bibi harusi! Shada lako la maua liko wapi?"

Thayne akanyoosha kidole kwangu, mbele ya wanaume wote. "Lile pale juu ya Juniper. Na usilisogelee!"

Baba, sasa nina furaha, wala siogopi.

Mwanao, Verla