Saa ya Roland

Jumamosi, 14 Septemba

Tumepanda meli Trieste. Chumba kizuri, kitanda kikubwa, roshani ndogo ya kwetu wenyewe. Ningefurahi zaidi kama chumba cha pili kulia kisingekuwa cha Annemie.

Ni jirani yetu wa Gent, kwetu Ubelgiji, mjane. Yeye na Roland wangu wamesoma Kiitaliano pamoja majira yote ya baridi, kila Jumatano jioni, darasa la wastaafu. Mimi sikujiandikisha, nilidhani ni mambo ya kupita. Na safari hii ilikuwa yetu wawili, ya kuadhimisha ndoa! Roland ndiye aliyesema, "Maskini, atabaki na nani? Tumchukue tu." Nikasema haya. Mdomo wangu huu.

Mezani Annemie katangaza kwamba akishuka meli haendi na simu. "Nataka kuishi na watu, siyo kuwapiga picha." Roland akaitoa yake palepale, akanipa nimwekee kwenye droo. Nyumbani nikimwomba aweke simu chini tule, naonekana mkorofi.

Jumapili, 15 Septemba

Baharini siku nzima. Wanafanya mazoezi ya Kiitaliano kwenye sitaha. Anamsahihisha, anamgusa mkono. Anamgusa tena. Nimesoma ukurasa uleule mpaka chakula cha mchana.

Jumatatu, 16 Septemba

Bari. Nisipoandika nitapasuka.

Tuliingia mji mkongwe, kule akina mama wanakaa milangoni na mbao zao wakitengeneza tambi zenye umbo la sikio. Roland na Annemie wakasalimia kwa Kiitaliano chao, na mama mmoja, Nunzia, akawavutia viti. Cha kwangu hakikuwepo, nikakaa kwenye kizingiti. Akatukatia kila mtu donge lake. Unaburuta kisu juu ya kipande, kisha unakipindua kwa kidole gumba. Za Annemie zikatoka nzuri kabisa. Zangu zikachanika. Nunzia akazikusanya zote, akazirudisha kwenye donge.

Halafu akamwambia Roland kitu, yeye na Annemie wakacheka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Eti anamwambia, mkeo ana kidole cha kazi," Annemie akanitafsiria, machozi ya kicheko yanamtoka. "Mke ni mimi! Na wewe ni wifi yangu."

Nikamtazama Roland. Nikangoja. Neno moja tu lilitosha, hata mimi nalijua kwa Kiitaliano. Hakulisema. Alikuwa anajifuta unga puani.

Nimemuuliza njiani. "Ningemsahihishaje mbele za watu, bibie? Mama wa watu angeona aibu." Aibu ya Nunzia ameifikiria. Yangu je?

Tena Nunzia amewapa furushi la tambi wampelekee dada yake aliyeolewa Corfu, kisiwa cha Ugiriki tutakachofika kesho, kijiji cha mlimani. Mume na mke wamfikishie, ndivyo alivyosema. Annemie kalipakata furushi njia nzima utadhani kitoto kichanga.

Jioni tulikuwa sitahani meli ikijiandaa kuondoka. Watu wawili wamechelewa, wanakimbia gatini na mifuko yao, na huku juu abiria wote wanapiga miluzi na makofi kama uwanja wa mpira. Nahodha akawangoja.

"Aibu gani hiyo," Annemie akasema. "Wifi, mimi hapo ningekufa."

Wifi. Ndivyo anavyoniita sasa. Wifi nipe chumvi, wifi onja hii. Na Roland anacheka. Sijawahi kumchukia mtu na chumvi yake hivi.

Jumanne, 17 Septemba — asubuhi

Jana wakati wa chakula kipaza sauti kilitangaza: usiku sogezeni saa mbele, Ugiriki iko mbele ya Italia kwa saa moja. Hao wawili hawakusikia, walikuwa wanaulizana vitenzi. Roland hajawahi kusikia tangazo lolote maishani mwake, hiyo ni kazi yangu. Kila usiku huvua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya kitabu changu. Machi na Oktoba, saa zinapobadilishwa kwetu, mimi naigeuza, yeye asubuhi anaivaa. Miaka yote ya ndoa. Hajawahi kuuliza.

Jana aliiweka palepale. Nimeishika muda mrefu. Nikairudisha kama ilivyokuwa, bado na saa ya Italia.

Sijasema uongo. Kaniuliza saa ngapi wawe wamerudi, nikajibu saa kumi na moja, na ndivyo ilivyo. Kaniuliza kama ninakwenda nao kijijini. Nikasema goti linauma, nendeni. Alitakiwa abaki! Mume akiambiwa nendeni kwa sauti ile, anabaki. Yeye kanibusu kwenye paji la uso, pale wanapobusiwa madada, wakaondoka na furushi lao. Annemie hana saa. Anasema saa ni pingu.

Wakimbie tu kidogo. Roland huwahi kila mahali, hawatachelewa sana, na nahodha tumeona ana huruma. Wapigiwe miluzi, huyo bibi avuje jasho mbele ya meli nzima. Basi, sitaki zaidi.

Jioni

Nahodha hana huruma.

Walitangaza majina yao mara tatu. Roland Verbeke. Annemie Claes. Pamoja, moja baada ya jingine, kama kanisani siku ya tangazo la ndoa. Abiria wamejazana sitahani wakitazama gati tupu. Kisha akaja afisa, kijana mpole, kuomba pasipoti zao zilizokuwa kwenye kasha la chumba changu, aziache kwa wakala wa bandari. Ya Annemie pia. Roland alisema zikae pamoja. Nimezitoa kwa mkono wangu, moja juu ya nyingine.

Kamba zimefunguliwa. Tulipokwisha kuachana na gati ndipo nikawaona kutoka roshani. Hawakimbii, wanatembea, wana makopo ya mafuta ya zeituni. Roland akasimama ghafla. Akaitazama saa yake. Akaitikisa. Akaiweka sikioni.

Anadhani imekufa. Ananiamini hivyo! Annemie kamshika mkono, anamwambia kitu, na sasa wanacheka.

Afisa amerudi mlangoni na redio yake. "Usijali, mama, wamepatikana. Wakala anawatafutia hoteli, meli nyingine hakuna mpaka kesho. Anauliza tu, ni mke na mume? Achukue chumba kimoja au viwili?"

Nimemwambia angoje nivae viatu. Sivai viatu, nimekaa kitandani naandika. Nikisema viwili atauliza mimi ni nani yao, na wenzake wote watajua kuwa yule ni mume wangu.

Amegonga tena.