Mpunga Niliowasingizia Ndege

Jumatano, masika ya 2007. Jua limetoka leo, baada ya mvua ya siku kumi na moja, na mie nnalitukana. Lilikuwa wapi siku zote hizo?

Nna hasira. Nnaandika kwa kidole kimoja kwenye duka la intaneti hapa Darajani, na kila herufi naipiga kama napiga nge. Skuli sikwenda, nlisoma chuoni tu, juzuu tatu na bakora nyingi. Lakini hasira haiulizi umesoma darasa gani.

Wanonijua wanajua kuwa mie si mtu mdogo bonde la Bumbwisudi. Nakaa Amani, lakini mpunga wangu uko bondeni kule tangu mama yuhai. Nshabeba magunia mawili kichwani, la tatu likanifata lenyewe kwa kuona haya. Nshaona masika ambayo vyura walipanda minazi kutafuta pa kukaukia. Mtu kama mie hachekwi na wanawake wenye majembe.

Leo nimechekwa.

Maji yalifunika bonde zima, mpunga hauonekani hata ncha. Jana yakashuka, leo asubuhi nikenda kuangalia. Wangu ni mbegu mpya, niliyoinunua kwa mtu mwenye maneno mengi kuliko mie, na hao ni wachache. Ulirefuka chini ya maji kutafuta pumzi, ukarefuka, ukarefuka, na maji yalipoondoka haukubaki na nguvu hata ya kusimama. Umelala wote juu ya tope kama nywele zilizorowa. Nikang'oa shina moja. Mizizi myeusi, inanuka yai viza.

Hatua ishirini kutoka pale pana kijipembe cha dada yangu, Mwanakhamis. Mpunga wake mfupi, majani yamepakaa tope, lakini umesimama. Na katikati ya kila shina panachomoza jani jipya, kijani kibichi, kama vile halijasikia habari ya mafuriko.

Maji yale yale. Tope lile lile. Na mama aliyetuzaa ni mmoja.

Alikuwepo Bibi Shamba, yule msichana wa kilimo anayevaa mabuti ya mpira yaliyomzidi mguu. Akanambia shikamoo, n'kaitikia marahaba kwa meno. Akaomba mzizi wangu mmoja na wa Mwanakhamis mmoja, akaikata kwa wembe, akatuita wote tutazame. Wa Mwanakhamis una vijitundu ndani, kama sponji. Wangu navyo vilikuwemo, lakini vimeshaporomoka na uozo.

Akasema mzizi nao unapumua, na hewa unaletewa kutoka majanini kupitia vijitundu hivyo. Maji yakifunika mmea mzima, hewa inakatika. Hapo ndo yanapoamka maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya mmea, uliyopewa na wazee wake. Yeye anayaita vinasaba, mie nayaita usia. Usia unaamrisha mzizi uzidishe vijitundu. Kisha mbegu zinahitalifiana. Nyingine usia wake unasema: refuka, kimbilia juu, na maji yakikaa sana inamaliza akiba yake yote njiani. Nyingine unasema: tulia, usikue, bana sukari yako mpaka maji yaondoke.

Mpaka hapo n'kawa nnamsikiliza. Usia wa wazee naujua.

Kisha akaharibu. Akasema mzizi ukikosa hewa unaamsha na usia mwingine, unaichoma sukari bila ya hewa, na ikichomwa hivyo inatoka pombe kidogo.

"Pombe?" n'kamwambia. "Shambani kwangu?"

"Kidogo sana, mzee. Si ya kunywa. Mzizi unajikimu tu usife, na ikizidi inaudhuru wenyewe."

"We mtoto! Shamba la mama yangu, mtu hajawahi kulitia jembe bila ya bismillahi, leo unaniambia mizizi inagema?"

Wanawake wote wa mashamba ya jirani washainua vichwa wananitazama. Mwanakhamis akapumzisha jembe, akasema kwa upole kabisa:

"Muwacheni kaka yangu. Angalau sasa tushajua kwa nini mpunga wake umelala chali."

Lo! Walicheka mpaka mmoja akakaa topeni. Bibi Shamba mwenyewe akageuka kando, mabega yanamtikisika. N'kamfukuza. N'kamwambia atoke kwangu na wembe wake na pombe yake. Akatoka, na adabu yake yote, akenda kusimama kwenye tuta la Mwanakhamis.

Na ni kule tutani alikoniuliza. Akasema, "Mzee, hii ya dada yako si ndo ile mbegu nyekundu yenye ndevu, uliyokuwa ukitusifia kila siku? Yako iko wapi?"

N'kamjibu kama ninavyowajibu watu mwaka mzima. "Nshasema. Ndege waliimaliza."

Kicheko cha Mwanakhamis kikakatika.

Sasa nalazimika kueleza habari ya ndege, na hapa kidole kinazidi kuwa kizito.

Kule kwetu mpunga ukianza kushika punje, lazima awepo mtu wa kuamia, akae shambani kutwa awafukuze ndege kwa kelele na kombeo la udongo. Bonde lile hakuna aliyemfikia Mwanakhamis kwa kuamia. Watu walikuwa wakimpa hata mashamba yao, na yeye anapata riziki yake hapo, kwani mume alishafariki na watoto ni wa kike watupu, wameolewa mbali. Lake, langu, la jirani, anaamia yote kwa koo moja.

Mwaka jana nlikuwa barazani na wenzangu wa mjini, nnawasifia mbegu ile nyekundu ya mama. Nkawaambia pepeta ya mpunga ule, mtu akiila anasahau jina la mkewe. Wakaniambia, maneno matupu hayo. Mie huyo! N'kawaalika papo hapo. Na pepeta haitaki mpunga mkavu, inataka mchanga, ukaangwe ungali na maziwa ndani, utwangwe, upepetwe, uliwe kwa nazi na sukari.

Wiki ile Mwanakhamis alikuwa Makunduchi matangani, siku tatu. Aliniaga na kunambia, "Kaka, kama utakata wa pepeta, pembe ya mbegu yetu ya mwakani usiiguse." N'kamwambia mbegu zimejaa madukani.

Wageni wakaja kumi na wawili badala ya watano. N'kakata, ikawa haitoshi. N'kakata tena. N'kaingia pembe ya mbegu n'kaikata yote, ingali mbichi. Punje mbichi ukishaikaanga haioti tena hata uifanyie maulidi. Walikula, wakanisifu, wakajifuta midomo wakenda zao.

Aliporudi n'kamwambia: ulipoondoka tu, ndege waliingia.

Na bonde zima n'kaliambia hivyo hivyo. Nlisema kwa mbwembwe, kama navyosema kila kitu. Ndege weusi wamefunika jua, na muamiaji yuko shughulini! Watu wakaamini. Tangu siku ile hakuna aliyempa Mwanakhamis shamba la kuamia. Wanampita wanamchukua mwanamke mwengine, tena mwenye sauti ya paka.

Leo akaliwacha jembe likasimama topeni, akanijia mpaka karibu, akanambia kwa sauti ndogo, wengine wasisikie:

"Kaka, ndege wa mwaka jana walikata kwa kisu. Nliyaona mashina."

Mwaka mzima! Mwaka mzima anajua, na anakaa kimya ananisitiri mie, na huku wenzake wanamwita mzembe.

N'kamuuliza yeye mbegu kaipata wapi. Akasema alibakisha kibaba kimoja ndani ya kibuyu tangu mwaka juzi, kwa sababu ananijua. Hicho ndicho kilichosimama pale. Hakuna kwengine, bonde zima. Kikiharibika hichi, usia wa mama umekwisha.

"Mbegu ntakupa," akasema. "Siwezi kukunyima kitu cha mama. Lakini na mie nirudishie changu. Waambie."

Wanawake walikuwa pale pale, tisa au kumi, na Bibi Shamba juu ya tuta. Ilikuwa maneno mawili tu. Mie niliyesema maneno ya gunia zima maishani mwangu, maneno mawili yakanishinda. Nikamkaripia! Nikasema ana dharau, nikasema hajui kuheshimu kaka, nikapita tope mpaka barabarani, n'kaja zangu mjini.

Njia nzima nlikuwa na hasira na yeye. Kisha na Bibi Shamba. Kisha na yule muuza mbegu. Nilipofika Mtoni walikuwa wameshaniishia watu wa kuwakasirikia, nimebaki mie.

Mpunga hauna akili wala haukwenda chuoni, lakini ukifikwa na dhiki unajua wakati wa kutulia. Mie nlifikwa na wageni kumi na wawili tu.

Basi n'navyoandika hivi, najua la kufanya. Kwanza nimelisema hapa, mbele ya watu nisowajua na wasoweza kunicheka usoni, ili ulimi uzoee. Nlikula mimi. Ndege hawakula hata punje. Mwanakhamis hakukosa kitu.

Nasoma tena maneno hayo, naona hayajaniuwa.

Kesho Alkhamisi, ndo siku wanayopalilia wote pamoja, hakosekani mtu. Nikishasali alfajiri nakwenda bondeni, nasimama juu ya tuta, nasema kwa sauti. Na sitatia mbwembwe.