Kilio cha Dolores

Rahma mjukuu wangu,

Salamu zako kutoka Los Angeles zimetufika, nasi tu wazima. Goti la bibi yako limepoa kidogo, na mjomba wako kahamia Croydon. Waniuliza kama uigize dada wa Mmeksiko muuza dawa za kulevya, kwa kuwa wenye filamu wamekwambia sura yako inafaa.

Miaka michache baada ya Mapinduzi kutuleta London, gazeti lilinituma studio kuandika habari za tamthilia ya televisheni kuhusu Meksiko. Siku hiyo waliigiza mazishi, na waombolezaji walikuwa Wazanzibari na Wahindi wa mtaa wa Tooting. Mwenye asili ya Meksiko alikuwa mmoja tu, Dolores, mzaliwa wa California, aliyeigiza mama aliyefiwa na mwanawe.

Mwongozaji alimtaka apige mayowe na kujitupa juu ya jeneza.

"Kwetu tunasali rozari kwa sauti ya chini," Dolores akasema.

Jirani yangu Bi Salma, aliyevikwa shela jeusi, akaninong'oneza: "Huyu bwana kazika wapi, sokoni?"

Nilicheka. Mwongozaji hakucheka, akamwambia Dolores: "Watazamaji wanajua Wameksiko wanavyolia. Kama hutaki, yupo Mwingereza atakayepakwa rangi achukue nafasi yako."

Dolores akapiga mayowe. Wakampigia makofi.

Baadaye alifiwa na mama yake, nikaenda kwake Lewisham kumpa pole. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nashindwa kulia, bwana," akaniambia. "Kila nikianza, naona namwigizia yule mwongozaji."

Uamuzi ni wako, mwanangu.

Babu yako,
Khamis