Sifa Hakutaka Udaktari

Jumamosi, Kindu. Mvua ilianza alfajiri na hadi sasa haijakatika. Mto umejaa matope, na watu wa Alunguli, ng'ambo ya mto, waliokuwa na shughuli upande huu nadhani wameahirisha. Nimekaa barazani na simu yangu. Sina furaha kubwa wala huzuni. Nimechoka tu, kama mtu aliyemaliza kufua nguo za nyumba nzima.

Binti yangu Sifa amemaliza wiki yake ya kwanza chuoni. Anasoma kilimo.

Nimeiandika habari hii kwa mstari mmoja. Haikuwa ya mstari mmoja.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari moja hapa mjini. Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, wazazi hunisimamisha njiani: mwalimu, huyu mtoto tumpeleke wapi? Huwa ninawajibu vizuri, hata wengine hunishukuru. Mwaka huu swali limeingia nyumbani kwangu, na majibu yote yakanipotea.

Siku ya matokeo vijana walimmwagia Sifa poda kichwani, kama desturi ya waliofaulu, wakazunguka naye mtaani wakiimba. Mume wangu, Ramazani, ni mfanyakazi wa ofisi ya jimbo na si mtu wa kelele. Lakini siku ile alisimama mlangoni akimwambia kila aliyekuja kutupongeza, "Njo docteur wetu huyu. Anaenda kusoma udaktari Kisangani." Sifa alicheka, uso mweupe kwa poda.

Siku chache baadaye tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya mihogo, yeye na mimi. Akaniambia bila kuinua macho, "Mama, miye sitaki udaktari. Nataka kusoma kulima, hapa hapa Kindu."

Nilimwambia amweleze baba yake mwenyewe. Akamweleza wakati wa chakula.

Ramazani alisukuma sahani. "Nilikusomesha miaka yote hii ili ushike jembe? Mama yangu alishika jembe bila kuona mulango wa masomo."

"Baba, siyo ile kulima ya..."

"Nimemaliza."

Sifa akaenda kunawa mikono. Tangu hapo wakaacha kusemezana. Akimletea baba yake chai, anaiweka mezani na kugeuka. Baba akitaka kumtuma, ananiambia mimi: mwambie mutoto wako. Nyumba yetu ni ndogo. Watu wawili wasiosemezana wanaijaza.

Kimya cha namna ile nilikuwa ninakijua.

Nilimaliza sekondari katika miaka ya vita. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na nje ya mji walikuwepo wapiganaji wengine. Mwanamke aliyekwenda shambani hakuwa na uhakika wa kurudi, kwa hiyo mashamba yaliachwa. Tulikula majani ya viazi bila chumvi. Garimoshi la kutoka kusini halikuja tena, na baba yangu, aliyekuwa fundi wa reli, aliendelea kuamka mapema na kuvaa nguo za kazi, kisha akakaa tu uani.

Kaka yangu Idi alikuwa amemaliza shule kabla yangu. Kitu alichokipenda duniani ni kufungua redio zilizokufa na kuzifanya ziseme. Lakini baba aliamua Idi akasome sheria Kisangani. Katika ukoo wetu hapakuwahi kuwa na wakili, na baba alisema nchi ikitulia watahitajika watu wa sheria.

Idi alimwambia mara moja tu. "Baba, miye siwezi kusema mbele ya watu."

"Utazoea," baba akajibu.

Akamkabidhi kwa wafanyabiashara waliokuwa wanateremka na mtumbwi kuelekea Lokandu, na kutoka huko waendelee hadi Kisangani jinsi njia itakavyowaruhusu. Nilimbebea Idi mfuko wake hadi mtoni. Alipanda mtumbwini bila kugeuka kuniaga. Nilidhani ni woga wa safari.

Kisha tukakaa bila habari zake. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Mama akawa anaulizia kila mtu aliyefika kutoka chini ya mto. Mwishowe tukaitwa misioni, kwenye ile redio ya kupashana habari tuliyoiita foni. Baba aliingia peke yake, mama na mimi tukabaki dirishani. Sauti ya Idi ilikuwa inakuja na kupotea. Yuko muzima, alisema. Sheria ilimushinda. Aliona haya kutuma habari. Anaishi kwa fundi mmoja wa redio, anamusaidia kazi.

Baba alirudisha chombo kwa padri, akatoka, akatupita kama asiyetujua.

Nyumbani jina la Idi halikutajwa tena. Mama alikuwa analitaja jikoni kwa sauti ndogo. Mwaka uliofuata baba aliugua tumbo, na dawa zilikuwa adimu, akafariki. Njia ilikuwa imefungwa, Idi hakuweza kuja kuzika. Hawakuwahi kuzungumza tena, yeye na baba yake.

Na mimi? Mimi hakuna aliyenichagulia. Nilikwenda chuo cha walimu kwa sababu kilikuwa karibu na mlango wake ulikuwa wazi. Wengine hufikiri nilipoteza ndoto fulani. Sikuwa nayo. Kemia niliipenda nikiwa tayari ndani yake, polepole, kama mtu anavyompenda jirani.

Basi mwezi uliopita, nikiwa nimechoka kupeleka maneno kati ya chumba na chumba, nilimpigia Idi. Ana karakana yake Kisangani siku hizi, anatengeneza redio na friji. Nilitaka amwambie Ramazani amwache mtoto asome anachotaka. Nilimpa Ramazani simu, nikaweka spika ili nami nisikie.

Idi hakusema nililolitaka.

"Shemeji," alisema, "miye siwezi kukuambia umuache. Pengine weye njo uko na haki. Lakini miye, baba hakuniuliza hata siku moja ninapenda nini na juu ya sababu gani. Muulize mutoto. Kama jibu lake ni la kitoto, umukatalie. Lakini umuulize."

Ramazani aliniangalia, akarudisha simu. Nilidhani yamekwisha hapo.

Kesho yake asubuhi, Sifa alipoweka chai na kugeuka, baba yake alimwita. "Kaa. Unataka kusoma kulima juu ya sababu gani?"

Sifa alikaa. Ilionekana alikuwa na jibu lake siku zote. "Mihogo ya nyanya, mama yako, kule Mikelenge, majani yanajikunja, yanakuwa na madoa ya manjano. Mizizi iko midogo kama kidole. Na kila mwaka tunakata miti ya mihogo ile ile yenye ugonjwa, tunapanda tena. Niliuliza watu, wanasema ni uchawi. Miye sitaki kushika jembe tu, baba. Nataka kujua ni nini."

Mama mkwe wangu analalamikia shamba lile tangu zamani. Ramazani huwa anatikisa kichwa na kumpelekea unga.

Hakusema ndiyo. Alisema, "Twende tuone hiyo masomo yenyewe."

Tulikwenda chuoni watatu. Ofisini tulipokelewa vizuri, tukaelezwa mambo mazuri. Ramazani akashukuru, kisha, tofauti na desturi yake, akaenda kukaa na wanafunzi wa mwaka wa pili waliokuwa wanapumzika nje. Akawauliza ukweli. Msichana mmoja mwenye viatu vya matope akamjibu, "Baba, hatukufichi. Maabara iko chumba tupu. Waprofesa wengine wanatoka mbali, wanakuja kutumwagia masomo ya muhula muzima kwa siku chache, wanarudi. Ukingoja kufundishwa kila kitu, utatoka hapa bila kitu. Lakini shamba la mazoezi liko, na hakuna anayekufukuza mule."

Nilimtazama Sifa. Uso wake ulikuwa umeanguka. Nikafikiri: sasa atakubali Kisangani, na baba yake atashinda bila kupigana.

Siku mbili hakulizungumzia. Siku ya tatu alisema, "Nitaanza hapa. Ikinishinda, nitawaambia. Sitajificha."

"Utaniambia miye," Ramazani akasema. "Siyo mama yako."

Wiki hii ameanza. Siku ya kwanza alikosa kiti, akasikiliza somo amesimama dirishani. Siku ya pili akarudi analia, kwa sababu fizikia imeanzia mahali ambapo shule yake haikufika. Alilia wazi, mbele yetu wote, akafuta pua kwa kitenge.

Ramazani alifungua mdomo. Nilijua neno lililokuwa linakuja, "nilikuambia", wazazi wote tunalo. Akaufunga. Kisha akasema, "Fika mapema, ukae mbele. Na hiyo fizikia, mama yako ataiangalia pamoja na weye."

Mimi ni wa kemia. Lakini jana tuliiangalia, mimi na yeye, hadi tukaelewa kurasa chache.

Sijui kama atamaliza. Sijui kama miaka ijayo kutakuwa na kazi kwa anayejua ugonjwa wa mihogo. Wazazi watakaonisimamisha njiani sasa nitawauliza kwanza kama wamemuuliza mtoto, na kama wamekwenda kukaa na wa mwaka wa pili. Zaidi ya hapo sina la kuwaambia.

Na kwa upande wangu nimeamua jambo dogo: nisimuulize kila jioni kama anakipenda chuo. Atasema akitaka kusema. Je, nitaweza?