Mama, Hukuwa Mlevi

Mama,

Ni mimi, Hawa. Leo asubuhi ukungu umekaa bondeni kati ya Kamwokya na Kololo mpaka saa tatu, nami nimekaa mlangoni nikiutazama na chai yangu isiyo na sukari. Sukari bado haipatikani, usifikiri mambo yametengenea. Siku hizi naota hata nikiwa macho. Nakuona unatoka kwenye ukungu ule, umejifunga shali yako ya kijani, unakuja polepole kwa ule mwendo wako wa miaka ya mwisho, kana kwamba umetumwa mahali na umesahau wapi. Unakaa karibu yangu, bega kwa bega. Halafu nakumbuka kwamba ulipokuwa hai mimi ndiye niliyekuwa nikisogea mbali, na ndoto inakatika.

Jana tumesoma arobaini yako. Kuna jambo lililotokea pale, nataka ulisikie kutoka kwangu. Lakini siwezi kulifikia bila kupita kwenye aibu yangu, kwa hiyo nivumilie. Ulikuwa hodari wa kunivumilia.

Ulianza kubadilika mwaka ule ambao Wahindi walifunga maduka yao na kuondoka. Mji mzima ulikuwa umechanganyikiwa, nani angemtazama mwanamke mmoja anayesinzia? Ulisinzia ukichambua mchele. Ulisinzia ukisuka makawa yako ya kufunikia chakula, sindano ikiwa katikati ya ukindu. Zamani ulikuwa ukiupitisha ukindu midomoni ulowane kidogo, chap, unaendelea kusuka huku unaimba. Mwaka ule ukaanza kuweka bakuli la maji pembeni. Mimi nikadhani ni umaridadi tu umekuingia uzeeni, nikakutania kwamba sasa umekuwa bibi wa kizungu. Ukacheka. Kumbe mate yalikuwa yamekwisha kinywani.

Uso ukavimba. Nyusi zikapukutika pembeni. Sauti yako, ile iliyokuwa ikiniita kutoka sokoni hadi nyumbani, ikakwaruza na kushuka. Ulimi ukawa mzito, jina langu fupi kama lile likawa safari. Na kinywa chako kilinuka, Mama. Naliandika neno lenyewe kwa sababu miaka ile yote tulilizunguka kama shimo la barabarani. Kilinuka ulipoamka, kilinuka ulipotoka kula, kilinuka hata baada ya kutawadha, nawe ulikuwa ukisukutua mara nyingi hadi nikadhani maji ya mtungi yatakwisha. Ukaanza kutafuna karafuu mchana kutwa.

Sasa niambie, mtu angefikiri nini? Bibi, mama yako, alipika waragi, ile pombe kali ya kwetu, kule Bombo hadi kifo chake, na watu walikuja kutoka mbali kuinunua. Na hapa kwetu kila mtu anajua nani hutafuna karafuu: mwanamke wa Kiislamu anayekunywa kwa siri. Binti wa mpika waragi, uso umevimba, ulimi mzito, usingizi mchana, karafuu mdomoni. Hatukuhitaji shahidi. Lisemwalo lipo, alisema shangazi Zenabu, dada yake Baba, nami nikaitikia kwa kichwa.

Siku moja uliposinzia nilipekua chini ya kitanda chako. Nikaikuta chupa, nikaizibua, nikanusa. Chumvi na karafuu, maji yako ya kusukutulia. Unajua nilisema nini moyoni? Nilisema, huyu mjanja, ile yenyewe ameificha kwingine. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mtoto wako wa pekee, fundi cherehani mwenye macho ya kuona mshono uliokwenda upande akiwa hatua kumi mbali nao.

Nikaacha kula nawe kwenye sinia moja. Nikajipakulia sahani yangu, nikasema tumbo linanisumbua. Hukuuliza tumbo gani. Ulichukua kipande kizuri cha nyama kutoka kwenye sinia ukakiweka kwenye sahani yangu, ukageukia upande wa pili ukala peke yako.

Halafu ikaja ile Ijumaa ya Makindye. Tulikuwa tumetoka kwenye harusi ya binti wa shangazi, ambako shangazi alikukalisha karibu na mlango, mbali na wageni. Alasiri basi letu likasimamishwa na wanajeshi, tukashushwa wote. Askari mmoja akakuomba kitambulisho, ukachelewa kujibu kwa sababu ulimi ulikuwa hautaki. Akainama kukusikiliza. Akarudi nyuma ameziba pua.

"Wewe mama ya Kiislamu, nakunywa waragi Ijumaa?"

"Sijakunywa, mwanangu," ukasema, kwa ule uzito wako, na kila neno likaonekana kukukanusha.

Akanigeukia mimi. "Wewe mutoto yake, sema ukweli. Mama nakunywa?"

Nikatazama viatu vyangu. Sikusema ndiyo. Kwa miaka nimejitetea kwa hilo, kwamba sikusema ndiyo. Lakini hapana ni neno dogo sana, Mama, nalo sikulisema.

Akakukalisha kwenye kokoto umeshika viatu vyako mkononi, basi likaondoka, watu wakapita wakitazama. Jua lilikuwa kali, lami ilikuwa inalainika. Nawe ulikuwa ukitetemeka kwa baridi, umejikunja ndani ya shali. Hata hapo sikujiuliza ni mlevi gani anayeona baridi kwenye jua lile. Askari alipotuchoka alituacha, tukatembea. Tulipofika mteremkoni ukasema neno moja tu, bila kunitazama: "Hata wewe, Hawa?" Nikajifanya sikusikia. Nyumbani Baba alipouliza mbona tumechelewa, ulijibu upesi kuliko ulivyojibu lolote mwaka ule: "Basi liliharibika."

Hukulitaja tena. Ungenipiga ningekuwa na nafuu.

Aliyetufumbua macho alikuwa yule musawo, daktari wa meno pale Wandegeya, mzee Ssenoga. Unakumbuka? Jino lako la nyuma lilikuwa limelegea, akaling'oa, na wiki tatu baadaye kidonda kilikuwa bado kibichi. Nilikurudisha kwake nimenuna. Akakwambia ufungue kinywa, akaleta taa karibu. Mimi nikasubiri aseme habari ya pombe, na aibu ilikuwa imeshanipanda usoni. Badala yake akaniita nitazame. Ulimi wako ulikuwa umejaa kinywa chote, na pembeni mwake meno yalikuwa yamechora alama zake, kama kidole kwenye unga uliokandwa. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba. Na ukavu ule! Kijiti chake kilinata kwenye shavu.

Akakuuliza mambo ambayo hayakuwa ya meno. Unaona baridi? Unalala sana? Chakula kina ladha? Haja kubwa unapata taabu? Kila swali ukaitikia kwa kichwa, na machozi yakaanza kukutoka, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu kukuuliza. Halafu akakushika shingo kwa vidole viwili, akakwambia umeze mate. Ukamwambia huna.

"Nyabo," akasema, "hii si shida ya meno. Meno nalia tu. Shida iko hapa kwa shingo. Tezi hii ikilala, muwili yote nalala. Mate nayo nakauka, na kinywa bila mate ni nyumba bila mufagio, lazima inuke."

Nikamuuliza, polepole, usisikie: na pombe? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. "Pombe gani?" akasema.

Wakakupima damu kule hospitali kuu, wakakupa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila asubuhi kabla ya chai, maisha yote. Maduka ya dawa ya Wahindi yalikuwa yamefungwa, hivyo Baba alivinunua Nairobi kila alipopita na lori kwenda Mombasa. Na wewe ukarudi. Sijui niseme vipi. Ulirudi kidogo kidogo, kama mtu anayepanda kilima huku tunamwona. Mwezi wa pili uso ulipungua. Mwezi wa tatu nilikuwa kwenye cherehani nikasikia mtu anaimba ndani, nikaacha mguu kwenye kanyagio. Uliniita, "Hawa!" na jina likatoka zima. Bakuli la maji likarudi jikoni. Ulikula fenesi ukalamba vidole, ukasema sasa lina utamu, zamani lilikuwa kama pamba. Ulicheka ukiwa karibu na uso wangu na hakukuwa na harufu yoyote, wala karafuu. Nikarudi kwenye sinia. Ulisogea kunipa nafasi kana kwamba nilikuwa nimetoka tu kunawa mikono.

Miezi minane tulikaa hivyo. Shangazi na wenzake wakadhani umeacha pombe, nami sikuwasahihisha. Ningeweza kuomba msamaha siku yoyote kati ya hizo. Nilisema nitaomba Ijumaa ijayo, nikasema nitaomba mfungo ukianza, nikasema nitaomba sikukuu. Ulikuwa na furaha, nikaogopa kuileta ile barabara ya Makindye ndani ya nyumba. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja na mizigo yake yote, hana mpango wa kuondoka.

Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa. Lori la Baba likakaa upande wa pili wiki baada ya wiki. Nilizunguka Kampala nzima na kopo tupu mkononi, nikafika hadi Luzira kwa muuguzi mmoja niliyeelekezwa. Hakuna. Ulikata vidonge vya mwisho nusu, kisha robo. Nikaona bakuli la maji limerudi pembeni mwako, nikatoka nje nikalia. Safari hii nilikaa karibu. Nilikulisha uji, nilikusafisha fizi kwa kitambaa na maji ya chumvi, nilikusikiliza hata neno lilipochukua muda mrefu kufika. Wiki moja ya mvua ulikuwa baridi chini ya mablanketi matatu, ukalala, na usingizi ukawa unakuchukua mbali zaidi kila siku. Adhuhuri ya Jumanne nilikuita, hukurudi.

Nilikuosha mimi. Nilipofika kinywani nilifuta meno yako moja moja, na nilikuwa na mengi ya kukuambia, lakini kulikuwa na wanawake wengine chumbani.

Siku ya mazishi shehe aliuliza kama ilivyo desturi, mwenye neno na marehemu amsamehe. Wanaume uani wakajibu, tumemsamehe. Ndani, shangazi Zenabu akajifuta machozi, machozi ya kweli, simsingizii, akasema kwa sauti: "Mimi nasamehe yeye ile pombe yake. Mungu naye asamehe." Wanawake wakaitikia amina. Na mimi, Mama, nilinyamaza tena. Walikuzika umesamehewa kosa ambalo hukulifanya.

Siku arobaini sikulala vizuri. Ndiyo maana naota mchana.

Basi jana. Kisomo kilikuwa kimekwisha, nilikuwa nawagawia wanawake kahawa ya tangawizi. Nikafika kwa shangazi, nikaiweka birika chini. Nikasema: mama yangu hakunywa. Nikawaeleza tezi, mate, ulimi, kidonda kilichokataa kupona, vidonge vilivyokwisha. Nikawaeleza Ijumaa ya Makindye, askari aliniuliza nini na mimi nilitazama nini. Nikasema, ninyi mlimsamehe, naye hakuwa na kosa. Sasa ni zamu yetu kumwomba, na nitaanza mimi. Nikasema, "Mama, nisamehe."

Nje maji yalikuwa yanadondoka kwenye pipa. Kisha mwanamke mmoja mlangoni akasema, nisamehe. Mwingine akasema. Ikazunguka mkeka wote. Shangazi alikuwa wa mwisho. Alishika mkono wangu akasema, "Mimi nilikalisha yeye kwa mulango. Sikuuliza yeye hata siku moja, wewe naumwa nini?"

Wote tuliomba, Mama. Lakini pale mazishini, watu walipoulizwa, kulikuwa na wa kujibu. Jana sisi tuliuliza, na anayepaswa kujibu hakuwepo. Nilisubiri kidogo, kama mjinga, nikitazama mlango. Ndiyo sababu ya barua hii.

Sijui kama wafu husamehe kwa sauti. Najua tu kwamba leo asubuhi, katika ule ukungu, ulikaa karibu nami muda mrefu kuliko siku zote, nami sikusogea. Labda nilijiotea tu ninachokitaka. Nakiacha hivyo hivyo.

Lala salama, Mama, mahali pasipo baridi. Mimi nakuahidi jambo moja: popote nitakapoulizwa habari zako, na aulizaye awe yeyote, hata mwenye bunduki, nitajibu kabla swali halijaisha.

Mwanao,
Hawa