Karatasi ya Julai Ishirini

4 Agosti

Kwako Babu, mume mwenzangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na saa za watu unazotengeneza, bado unazirudisha zikiwa kimya kuliko zilivyokuja? Mimi mzima kama chuma cha reli.

Sasa kaa chini. Mjukuu wako ni mtu mkubwa. Hapa kiwanda cha uchapaji, nilikoingia kufagia vipande vya karatasi, wamenipa kalenda! Ile ya kuchana, kila siku na karatasi yake, na chini kuna mistari ya “Siku kama ya leo”. Aliyekuwa akiiandika amestaafu. Bosi akauliza nani hapa anajua historia, mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Mwalimu aliyenifukuza darasa la sita angeniona, angemeza chaki.

Nimepewa mpaka mwisho wa Oktoba. Nikifanya vizuri, naajiriwa. Nikiboronga, narudi kukusumbua, na kitanda changu najua umeshakijaza saa mbovu.

Tatizo dogo tu: historia yenyewe siijui. Lakini wewe una lile daftari lako, ukurasa mmoja kila tarehe, ulilolianza kabla baba hajazaliwa. Nitumie.

Mjukuu wako,
Bosi Mtarajiwa

19 Agosti

Kwa mjukuu wangu, debe tupu,

Marahaba. Magoti yananung’unika nikisimama, nikikaa yananyamaza, kwa hiyo nimekaa. Kitandani kwako kuna saa kumi na moja tu, acha uongo.

Daftari hilo hapo, nimelifunga kwa kamba ya kiatu. Halijawahi kutoka nje ya nyumba hii. Usile juu yake.

Nakuonya jambo moja. Sikutenganisha ya dunia na ya kwetu. Jioni marehemu Bibi yako alikuwa akipunguza redio baada ya taarifa ya habari, ananiambia, “Umeandika hayo yao? Haya, andika na letu.” Ndiyo maana utakuta ndege ya kwanza yenye injini imeruka, na chini yake paka amezaa. Tumia akili, kama ulibeba. Ya dunia wape wenyewe. Ya kwetu niachie.

Babu yako,
mume halali

12 Septemba

Babu,

Shikamoo tena. Kazi kwisha! Siku mia tatu sitini na tano, sijaruka hata moja. Hivi ulijua tarehe kumi na mbili Aprili mtu wa kwanza alipanda anga za juu, na miaka ishirini baadaye, tarehe ileile, wakarusha chombo kingine kipya? Tarehe zina mazoea kama watu. Bosi alisoma karatasi tano akasema, “Mh.” Bosi akisema mh, mtambo unawashwa.

Ya nyumbani nimeyaruka: paka, kikombe kilichovunjika, meno yangu ya kwanza. Ila yamenichelewesha. Najikuta nasoma mlivyohamia chumba cha dirisha moja mkagombana siku tatu nani alale upande wa dirisha. Nani alishinda? Hukuandika, kwa hiyo ulishindwa.

Mjukuu wako,
Mwanahistoria

18 Oktoba

Babu,

Shikamoo. Leo siulizi magoti. Nimeboronga.

Kalenda elfu tatu zimeshachapwa na kugundishwa. Mteja mkubwa alikuja kuangalia, akafungua palepale, Julai ishirini. Imeandikwa: “1969, binadamu walitua mwezini. 1976, chombo kilitua sayari ya Mirihi. 1983, alicheka mpaka akakaa chini.”

Mteja akauliza, “Nani?” Bosi akanigeukia, “Nani?” Sasa kiwanda kizima wananiita Alicheka.

Nilisema nimepitiwa. Uongo. Paka nilimwona nikamruka, meno yangu niliyaona nikayaruka. Huo mstari wa Bibi niliuona ni wa dunia. Ulikaa pale chini ya Mirihi kama umezaliwa hapo, wala sikushtuka.

Bosi amesema nibandike kibandiko cheupe juu ya mstari huo, kalenda moja moja, zote elfu tatu, mpaka mwisho wa mwezi. Au nibebe begi langu. Mimi Bibi yangu simfuniki kama doa la wino. Begi liko miguuni hapa. Niambie.

Mjukuu wako

24 Oktoba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Ondoa begi miguuni, utajikwaa.

Bandika. Bibi yako hakupenda kutazamwa na wageni. Picha zote za nyumba hii yuko nyuma ya bega la mtu. Watu elfu tatu wa nini? Nilimwandika ili nimsome mimi. Sasa umemsoma na wewe. Tunatosha.

Na kazi usiiache. Bandika kwa kunyoosha, usinitie aibu.

Babu yako

31 Oktoba

Babu,

Shikamoo. Magoti nayasalimu, kulia na kushoto.

Nimemaliza jana. Elfu tatu, hakuna hata kimoja kilichopinda. Na nimeajiriwa! Bosi amesema “mh” mara mbili, jambo ambalo wazee wa kiwanda hawajawahi kulisikia. Walisema pia macho yangu mekundu, nikawaambia gundi yenu kali, nunueni nyingine.

Kila karatasi niliusoma mstari kwanza, ndipo nikabandika. Nilipofika kama mia nane hivi nikasimama. Nilitaka kumsikia akicheka, nikamkosa. Alipofariki nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka viatu vyake mlangoni, na mkono wake wa baridi shingoni kwangu. Sauti sina. Miaka yote najigamba kwa watu kwamba huyo alikuwa mke wangu, kumbe sijui hata alichekaje.

Nimepekua daftari zima kabla ya kulifunga nikurudishie. Hukuandika popote.

Sitaki tarehe, Babu. Niambie tu: kicheko kilianzia puani au kooni? Alifumba macho? Alikushika bega asianguke, au alijiachia tu?

Mjukuu wako