Ukurasa Uliomkaribisha Zuhura

Mpwa wangu Rehema,

Zuhura wangu amebaki chuoni. Alitaka kuacha masomo arudi Marui kwa bibi yenu, na mimi baba yake sikujua. Juzi ndiyo kanisimulia kwenye simu, nikaona nikuandikie huko Mwanza, maana aliyemshika ni wewe.

Unakumbuka ulivyokuja kwenye karakana yangu ya milango ya chuma, pale stendi ya Kwa Mathias? Chuo hichohicho kilikupa kazi ya kutengeneza ukurasa wa mtandaoni wa wanafunzi kuombea msaada. Ukanipa simu. "Mjomba, jifanye mwanafunzi umekwama. Wewe bonyeza, mimi naangalia tu." Nikakwambia umefika kwa mwenyewe, mimi huyu nimeshafungua kasiki ya fedha ya tajiri kwa mpini wa kijiko. Ukakaa juu ya ndoo ya rangi, macho kwenye kidole changu, hunisaidii hata neno. Chui wa porini kule Chole nilimkodolea macho mpaka akaona aibu akaondoka, lakini wewe ulinitoa jasho.

Ukurasa ukaandika: Chagua aina ya tatizo. Nikaweka simu chini.

"Umekwama wapi, Mjomba?"

"Sijakwama. Sijakaribishwa. Hata salamu hakuna, naulizwa shida. Nani anamwaga mambo yake mlangoni?"

Nilidhani utacheka. Ukasema, "Hujakosea wewe, ukurasa ndio umekosea," ukayaandika maneno yangu, ukaaga. Mimi nikaitangazia stendi nzima kwamba kompyuta za chuo nimezitengeneza mimi.

Sasa Zuhura anasema alishafunga begi. Alikwenda dirisha la ofisi ya chuo kuomba msaada, foleni nyuma yake inasikiliza, akashindwa kusema shida yake. Akarudi chumbani, akafungua ule ukurasa wako. Ukamwambia: Karibu. Pole na masomo. Ungependa kuongea na mtu, au kumwandikia kwanza? Akaandika huku analia, na mtu wa chuo akamjibu.

Rehema, mimi na mdomo wangu wote huu, mtoto hakuniambia. Wewe ulijuaje? Ulitazama kidole cha fundi wa milango ya chuma kinagoma, ukamwona msichana ambaye wakati ule hata chuo hajaanza. Nawaza mpaka chai inapoa.

Jana nilikwenda Marui. Zuhura yuko huko kwa likizo, anapalilia mihogo na bibi yenu, wanacheka. Nikasimama pembeni ya shamba namtazama.

Bibi yenu akaniona. "Wewe, leo umekuwaje? Huongei?"

Nikamwambia jua kali.

Mungu akutunze huko uliko, mama.

Mjomba wako wa Kibaha